Mbaruk wa Gazi, mzee aliyetafuta njia ya kurudi Mombasa

Ukipanda matatu Likoni kuelekea Lungalunga, ukishapita Ukunda na zile fujo zake za bodaboda, unafika mahali barabara imetulia na minazi imeanza kuwa mingi. Upande wa kushoto kuna njia ya kuingia Gazi. Vijana wengi wa mjini wanaoijua Gazi wanaijua kwa mikoko: lile daraja la mbao la akina mama, wali wa nazi na samaki baada ya kutembea, na mradi wa Mikoko Pamoja uliopata tuzo ya Equator mwaka wa 2017. Safi sana. Lakini kuna jina moja ambalo wazee wa hapo wakilitaja, hata aliyekuwa anachezea simu anainua kichwa. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui.

Shuleni huenda ulimpata kwenye mstari mmoja tu wa kitabu cha historia, katikati ya orodha ya waliowapinga Waingereza. Mstari mmoja haumtoshi. Maisha yake yote yalikuwa swali moja ambalo mtu yeyote aliyewahi kufukuzwa kwao analijua: nikae hapa nilipotupwa nijenge, au nipiganie kurudi? Na nikiamua kurudi, namtegemea nani?

Tuanze Mombasa. Ukoo wa Mazrui ulitoka Omani, na kwa karibu miaka 100 ndio uliotawala Mombasa. Mwanzoni walikuwa maliwali tu, yaani watu waliotumwa kumwakilisha mtawala wa Omani. Kisha utawala ulipobadilika kule na kuingia mikononi mwa Wabusaidi, Wamazrui waliona hawana deni la utii kwa mtu wasiyemtambua. Wakashika Fort Jesus wakawa wafalme kwa vitendo ingawa cheo kilibaki kile kile cha liwali. Sayyid Said wa Omani, huyo huyo aliyekuja kuifanya Zanzibar kuwa makao yake, hakulala usingizi kwa jambo hilo. Aliishambulia Mombasa mara kadhaa na kushindwa kuishika. Wakati mmoja Wamazrui hata walimwomba bendera nahodha Mwingereza aitwaye Owen, wakidhani Uingereza itawakinga. Kati ya 1824 na 1826 ikawa hivyo, kisha London ikakataa, bendera ikashushwa. Likumbuke hilo, maana ukoo huu utarudia kosa lile lile la kutafuta mwavuli wa mgeni.

Kilichowamaliza ni ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Kufikia 1837 liwali alikuwa Rashid bin Salim, na wapo wakubwa wa Mombasa, wakiwemo wazee wa Kilindini, waliokuwa wamechoka naye. Wakamwita Sayyid Said. Safari hii aliingia bila shida kubwa. Baada ya mapatano, mwanawe Khalid akawaita wakubwa wa Kimazrui kama mtu anayewaalika wageni. Walipokuja wakakamatwa, zaidi ya 20, wakatiwa jahazini na kupelekwa Bandar Abbas, ng'ambo ya bahari ya Omani. Hawakurudi tena. Walifia huko kifungoni.

Rashid bin Salim alikuwa baba yake Mbaruk.

Mtoto alikuwa bado mdogo. Waliobaki wa ukoo walitawanyika kwa makundi mawili: wengine kaskazini hadi Takaungu, karibu na Kilifi, wengine kusini hadi Gazi. Mbaruk akakulia Gazi, kijiji cha ghuba tulivu, mikoko mbele, mashamba nyuma, na Mombasa si mbali kaskazini. Fikiria hapo. Watu wa uhamishoni wengi huwa mbali sana na kwao, hata ndoto ya kurudi huchoka yenyewe. Yeye alikuwa karibu. Jahazi likipata upepo mzuri linafika Mombasa siku hiyo hiyo, likitia nanga chini ya ngome ambayo baba yake alikuwa anakaa.

Nikisoma habari hizi huwa nakumbuka hadithi ya Wayahudi na Babeli, ambayo Wakristo wa Pwani wanaijua kutoka vitabu vya Ezra na Nehemia, na Waislamu wanamjua Ezra kwa jina la Uzair. Yerusalemu iliangushwa mwaka wa 586 KK, watu wakachukuliwa mateka hadi Babeli. Huko nabii Yeremia aliwaandikia barua ambayo haikuwafurahisha wengi: jengeni nyumba, pandeni mabustani, oeni, mwuombee heri mji mliopelekwa. Yaani msiishi kama abiria wa stendi. Miaka ikapita, Koreshi mfalme wa Uajemi akaishinda Babeli na mnamo 538 KK akawaruhusu wanaotaka kurudi warudi. Walirudi kwa awamu. Zerubabeli kwanza, na hekalu. Ezra miongo mingi baadaye, na sheria. Kisha Nehemia, na ukuta. Na wengi, jambo ambalo watu husahau kulisema, hawakurudi kabisa. Babeli ilikuwa imeshakuwa kwao.

Ajabu ni kwamba Bandar Abbas iko pwani ya Uajemi. Nchi ile ile ambayo mfalme wake aliwafungulia Wayahudi mlango ndiyo iliyowameza wazee wa Mbaruk. Wakati huo Omani ilikuwa imeikodi bandari hiyo, kwa hiyo hakukuwa na Koreshi wa kulilia.

Basi Gazi wakafanya ile sehemu ya kwanza ya barua ya Yeremia bila kuisoma. Walijenga, wakapanda minazi, wakaoa, wakafungamana na Wadigo na Waduruma wa bara. Kuna methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Wamazrui walipewa jembe, tatizo ni kwamba hawakulishika wenyewe. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Nalisema hili waziwazi kwa sababu tukimsimulia Mbaruk kama shujaa mtupu tutakuwa tumewafuta watu wengine ambao nao walikuwa uhamishoni, tena uhamisho mchungu kuliko wake: Wayao, Wanyasa, Wazaramo na wengineo waliotolewa makwao kwa minyororo na kuletwa kupanda nazi za mtu anayelilia kwao. Nyumba yake ya Gazi, ambayo baadaye ilitumika kama shule ya msingi, bado ina masimulizi ya watu kufungiwa chumbani na kufukizwa moshi wa pilipili. Wanaosimulia ni watu wa hapo hapo.

Alipokua na kushika uongozi wa Gazi, Mbaruk hakukaa kimya. Katika miongo ya kati ya karne ya 19 alikosana na Zanzibar tena na tena. Mtindo ulikuwa ule ule: anakataa amri, jeshi la sultani linakuja, anaacha Gazi na kupanda vilima vya Shimba hadi Mwele, ngome ya miti na msitu ambayo mgeni hawezi kuifikia bila mtu wa kumwonyesha njia. Jeshi likichoka, mapatano yanafanywa, anateremka, maisha yanaendelea. Kisha anaanza tena. Mwaka wa 1882 mambo yalipamba moto, kukapigwa hadi Vanga, na Sultan Barghash akamtuma Lloyd Mathews, yule Mwingereza aliyekuwa mkuu wa jeshi lake, kuivamia Mwele. Mwele ikaanguka. Mbaruk hakupatikana. Alikuwa na kipaji hicho, mzee huyu, cha kutokuwepo pale wanapomtafuta.

Hapa ndipo kijana wa leo anaweza kuuliza: alikuwa anaishi kwa nini? Vita havilishi. Jibu ni kwamba riziki yake ilitoka pande nyingi, na kila upande ulikuwa na kamba yake. Kulikuwa na minazi na watumwa. Kulikuwa na biashara ya bara, pembe na mifugo, na mara nyingine uporaji wa waziwazi, ambao uliwaumiza wanavijiji wa Kidigo waliokuwa hawana ugomvi na sultani yeyote. Mwaka wa 1888 Sultani aliikodisha pwani hii kwa Kampuni ya Waingereza, ile iliyoitwa Imperial British East Africa Company, na Kampuni ikaona ni nafuu kumlipa Mbaruk kuliko kupigana naye. Ikampa posho. Mtu aliyewatoroka masultani wa Zanzibar kwa maisha yake yote sasa alikuwa anapokea pesa za mzungu ili atulie.

Na alitulia! Miaka kadhaa hivi Gazi ilikuwa shwari. Huenda ndiyo miaka iliyomfaa kuliko yote. Mzee ana wake, watoto, wajukuu, ana heshima, ana posho. Mombasa ilikuwa ya wengine na ameshazoea kuitazama kwa mbali.

Februari 1895 akafa liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, wa lile tawi jingine la ukoo. Nani amrithi? Desturi ya ukoo ilimwangalia aliye mkubwa zaidi, na huyo alikuwa kijana wa Takaungu ambaye naye, usichanganyikiwe, aliitwa Mbaruk bin Rashid. Majina ya ukoo huu yatakutoa jasho. Kampuni haikumtaka. Ikamchagua Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu, aliyeonekana rafiki wa Waingereza. Mbaruk mdogo akakataa, akasogea bara na watu wake, akashambuliwa, akakimbia. Alikimbilia wapi? Gazi, kwa mzee wake.

Kwa maoni yangu, maisha yote ya Mbaruk yamebanwa katika wiki chache za kati ya hapo na Agosti. Waingereza walimtaka amtoe kijana au amfukuze. Mzee alisitasita, akaahidi, akachelewesha, akaomba muda. Alijua vizuri hesabu yake. Akimtoa, anabaki na nyumba, posho na uzee wa amani. Asipomtoa, anapoteza vyote kwa ugomvi wa Takaungu ambao haumhusu. Lakini aliyekuwa mlangoni ni ndugu, mkimbizi, amekuja kwa mtu ambaye baba yake alialikwa kwa maneno mazuri akatiwa jahazini. Angewezaje kuwa yeye sasa wa kumkabidhi mtu wa damu yake kwa wenye meli?

Hakumtoa.

Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni ikaondoka na serikali ya Uingereza yenyewe ikachukua nchi, ikawa East Africa Protectorate. Sasa Mbaruk hakuwa anapambana na wafanyabiashara, alikuwa anapambana na dola. Gazi ikashikwa. Yeye akapanda Mwele kama kawaida. Tarehe 17 Agosti Admirali Harry Rawson akaipanda nyuma yake na wanamaji na askari wa Zanzibar, wakaivunja ngome. Wanamaji waliopigana siku hiyo walipata medali zilizochorwa neno Mwele na mwaka. Ni Rawson huyo huyo ambaye mwaka uliofuata aliipiga jumba la sultani Zanzibar kwa mizinga, vita vile vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote duniani.

Mbaruk? Hakuwepo. Alikuwa ameshatoka.

Lakini Mwele safari hii haikuwa kama zamani, kwamba jeshi litachoka lirudi mjini. Vita vikasambaa pwani nzima, kutoka Vanga hadi karibu na Malindi. Hamisi bin Kombo wa Mtwapa alijiunga, na Aziz, ndugu wa yule Mbaruk mdogo, akapigana upande wa kaskazini. Vijiji viliungua. Mashamba yalikosa wa kulima. Watumwa wengine walipigana upande wa mabwana zao, wengine waliona vurugu ndio mlango na wakatoroka. Waingereza nao walikuwa na haraka, maana reli ya kwenda Uganda ilikuwa inaanza Mombasa na hawangeweza kujenga huku nyuma kunafuka moshi. Machi 1896 wakaleta kikosi cha askari wa Kihindi. Hapo hesabu ikaisha.

Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi zaidi ya 1,000 akajisalimisha kwa Wajerumani. Mpaka wenyewe ulikuwa na miaka 10 tu, umechorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka wa 1886 mezani, ukipita karibu na Vanga. Aliyempokea ni gavana Hermann von Wissmann, mtu ambaye mwaka wa 1889 alikuwa amewakandamiza Abushiri na wenzake wa Pangani bila huruma, na Abushiri akanyongwa. Sasa Wissmann huyo akawa mwenyeji. Siasa haina aibu. Aliwapokonya silaha, akawapa makazi upande wa Dar es Salaam.

Kwa hiyo mara ya pili katika maisha yake Mbaruk akawa mhamishwa. Mtoto wa 1837 alifukuzwa kutoka Mombasa hadi Gazi. Mzee wa 1896, karibu miaka 60 baadaye, alifukuzwa kutoka Gazi hadi Dar. Na hebu tazama: kwa mara ya kwanza, kile alichokipoteza kilikuwa Gazi. Pale mahali pa kutupwa pameshakuwa nyumbani.

Narudi kidogo kwa Ezra, kwa sababu kuna jambo katika safari yake linalonifanya nimwelewe Mbaruk vizuri zaidi. Ezra alipokuwa anaondoka Babeli na msafara wa familia, watoto, dhahabu na fedha za hekalu, njia ilikuwa na wanyang'anyi. Angeweza kumwomba mfalme askari. Aliona haya. Alikuwa amemwambia mfalme kwamba Mungu wake anawalinda wanaomtafuta, sasa ageuke aombe mikuki? Akatangaza saumu kando ya mto, wakaomba, wakaondoka bila walinzi, wakafika salama. Nehemia alipokuja, miaka kama 13 baadaye, yeye alikubali askari wa farasi na barua za mfalme za kuchukua mbao msituni. Naye alifika. Biblia haimsuti Nehemia kwa hilo. Kumtegemea Mungu kulikuwa na sura mbili katika kazi moja.

Ila wote wawili walikuwa na kitu ambacho Mbaruk hakuwa nacho: walirudi kujenga. Ezra alibeba sheria, Nehemia alibeba vipimo vya ukuta. Mbaruk alikuwa anarudi kukalia kiti. Kila mara alipoinuka alitafuta nguvu ya mtu mwingine, leo bunduki za wafuasi, kesho posho ya Kampuni, keshokutwa bendera ya Mjerumani, na kila mwenye nguvu alimpa kwa kipimo cha faida yake mwenyewe. Sisemi hakuwa mcha Mungu. Nasema mipango yake ya kurudi haikuwahi kuwa na nafasi ya mtu mwingine zaidi ya Wamazrui, na ndio maana Mombasa haikuwahi kuinuka kumlaki.

Kulikuwa na watu wengine pwani hii, wakati ule ule, waliorudi kwa namna iliyofanana zaidi na ile ya kina Zerubabeli. William Jones ni mmoja. Alitekwa utotoni akauzwa, akaokolewa baharini na manowari ya Waingereza, akapelekwa India, akasoma huko upande wa Bombay na Nasik. Mwaka wa 1864 akarudi Afrika Mashariki na kufanya kazi kwenye misheni ya Mombasa na Rabai. Hakurudi kijijini kwao hasa, maana kwao kulikuwa mbali bara. Alirudi mahali palipohitaji mtu. Rabai ikawa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba, mamia kwa mamia, na mwaka wa 1888 mabwana walipowataka watu wao, ililazimu Kampuni itoe pesa za kuwakomboa. Mwaka wa 1895, Mbaruk akikimbia msituni, Jones alikuwa anapewa upadri. Wanaume wawili, pwani moja, wote wametolewa kwao wakiwa watoto. Sijui kama waalimu wetu wamewahi kuwaweka kwenye somo moja.

Mbaruk aliishi Dar miaka 14. Utumwa ukapigwa marufuku pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Mashamba ambayo ukoo wake uliyapanda yakabadilika mikono. Reli ikafika ziwani. Mwaka wa 1910 akafariki huko huko Dar es Salaam, mzee sana, bila kurudi Gazi wala Mombasa.

Ukoo wenyewe ulirudi kwa mlango ambao hakuufikiria. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 wakati Mbaruk angali anakula posho ya Kampuni, akawa mwanachuoni mkubwa wa Mombasa, akaanzisha gazeti la Al-Islah mwaka wa 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakushika hata bunduki moja. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alizunguka dunia nzima akifundisha, kutoka Makerere hadi Marekani. Alipofariki huko Oktoba 2014, mwili ulisafirishwa hadi Mombasa, ukazikwa kwenye makaburi ya Wamazrui, hatua chache tu kutoka ukuta wa Fort Jesus.

Ukienda kuitazama ngome, uliza makaburi hayo yako wapi, watakuonyesha. Kisha ingia ndani. Kwenye makumbusho kuna mlango wa nakshi uliotolewa nyumba ya Gazi. Mbaruk mwenyewe hakufika tena Mombasa. Mlango wake ulifika.